Diski inalia tik-tik na picha zote zimo humo

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nakaa Soweto, nimebakiza miaka miwili kustaafu. Kupiga picha si kazi yangu, ni kitu ninachokipenda tangu nilipopata kamera mwaka 2014. Napiga Kibo alfajiri, ndege wa Msitu wa Rau, harusi na kipaimara za ndugu kule Machame, na wazee wa ukoo. Picha zimefika kama 38,000, gigabaiti 420 hivi, na zote nilizihamishia kwenye diski moja ya nje kwa sababu laptopu ilijaa. Wiki iliyopita diski imeanza kutoa mlio wa tik-tik na folda nyingine hazifunguki. Fundi wa jirani anasema tuifungue aone. Nimpe? Nikizipata, nizitunze wapi zisipotee tena? Ndugu nao wanalalamika kwamba picha ninazowatumia kwenye kundi la WhatsApp zikichapishwa zinatoka na ukungu. Mwisho, kadi ya kamera ikijaa huwa nanunua nyingine. Sasa ninazo sita. Niendelee hivyo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Diski usimpe, na usiichomeke tena kwenye kompyuta kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nikueleze kinachotokea mle ndani ili uamue mwenyewe. Diski ya nje ya kawaida ina sahani zinazozunguka, kwa hizi ndogo za kubeba mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kuigusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Kwa hiyo chembe ya vumbi la kiangazi, ambayo wewe huioni juu ya meza ya fundi, kwa kichwa kile ni jabali. Ule mlio wa tik-tik kwa kawaida ni kichwa kinachojaribu kusoma, kinashindwa, kinarudi kwenye maegesho yake, kisha kinajaribu tena. Kila jaribio linaweza kukwangua sahani, na palipokwanguliwa hakuna programu inayorudisha kitu.

Fundi wako huenda ni hodari wa simu na laptopu, simdharau. Ila diski hufunguliwa katika chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi, na anayeifungua huwa na vichwa vya akiba vilivyotolewa kwenye diski ya aina ileile. Akiifungua dukani, hata mtu mwenye chumba cha namna hiyo ataipokea ikiwa imeshaumia mara mbili. Usiiweke kwenye friza pia, maana ushauri huo bado unazunguka; diski ikitoka kwenye baridi inafanya umande ndani. Na kompyuta ikikuuliza kama ungependa kuirekebisha au kuifomati, jibu ni hapana. Kurekebisha ni kuandika, na diski inayokufa haiandikwi kitu.

Kama bado inatambulika ikichomekwa, kuna njia moja ya kufaa: inanakiliwa yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, kwenda kwenye diski nyingine nzima, kwa programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo huanza na sehemu zinazosomeka bila taabu na kuziweka salama, ndipo irudi kwenye sehemu mbovu, huku ikiandika ilipofikia ili ikikatizwa isianze upya. Wewe ukikopi folda moja moja kwa mkono unafanya kinyume chake: diski inanasa kwenye faili moja mbovu, inajipigapiga hapo hapo, inakufa kabla ya kuzifikia faili nzima elfu ishirini zinazofuata. Basi mtu yeyote utakayempelekea, muulize maswali mawili kabla hajaishika. Utainakili kwanza kwa ddrescue au kitu kama hicho? Nakala utaiweka kwenye diski gani? Akikujibu kwamba ataifungua kwanza, au ataokoa picha na kuzirudisha humo humo, chukua diski yako uende nyumbani. Kama haitambuliki kabisa, ifunge kwenye kitambaa laini, iweke kabatini. Ikiwa imezimwa inaweza kusubiri hadi upate fedha za kuipeleka kwa wenye chumba safi.

Sasa kadi zako sita. Niliposoma sentensi ile ya mwisho ya swali lako nilipata nafuu kubwa. Hukusema kama huwa unazifuta baada ya kuhamisha. Kama huzifuti, sehemu kubwa ya picha zako iko mezani kwako sasa hivi. Hata kama ulizifomati ndani ya kamera, kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Picha hubaki palepale mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Kuna programu nyingine ya bure, PhotoRec, inayopita kwenye kadi bila kutegemea orodha hiyo na kuokota kila inachokitambua kuwa ni picha. Kabla ya kuiingiza kadi kwenye kompyuta, angalia ubavuni mwake: kadi kubwa za SD zina kibonyezo kidogo cha kufuli. Kisukume kwenye upande wa kufunga. Kikiwa hapo, kompyuta itasoma tu. Kadi hizi usipigie picha yoyote mpya kwa sasa, hata moja.

Hapa nakuomba uende polepole kuliko mahali pengine popote. Kamera nyingi huzipa picha namba hadi 9999, zikifika hapo zinaanza tena 0001. Wewe umepiga picha 38,000, maana yake namba zako zimejirudia angalau mara tatu. Kuna uwezekano una picha nne tofauti kabisa zenye jina lile lile, tuseme DSC_0412: moja ya ndege kwembe wa Rau, moja ya bibi harusi, nyingine ya Kibo, nyingine ya mwanafunzi akipokea cheti. Ukizimwaga kadi zote sita kwenye folda moja, kompyuta itakuuliza kama faili iliyopo ibadilishwe na hii mpya, na mtu aliyechoka saa nne usiku hubonyeza ndiyo kwa zote. Nimeona watu walioponyoka kwenye diski mbovu wakaangamia hapo. Tengeneza folda sita, KADI-1 mpaka KADI-6, kila kadi imwage mzigo wake pake. Kubadili majina kutafuata baadaye, na kompyuta itaifanya kazi hiyo yenyewe kwa kusoma tarehe iliyomo ndani ya kila picha.

Kusanya na vilivyosalia: picha zilizo kwenye simu, barua pepe ulizowahi kutuma zikiwa na picha, DVD kama ulichoma zozote miaka ile ya mwanzo. DVD zikopi sasa, kwa sababu rangi ya ndani inayobeba data hufifia na kompyuta mpya hazina tena pa kuzitia. Halafu waandikie ndugu wakurudishie ulizowatumia. Zitakuja zikiwa ndogo, lakini picha ndogo ya mzee aliyekwisha kufariki ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Umeuliza uzitunze wapi. Karibu kila anayeniletea diski iliyokufa huuliza kwa maneno hayo, akisubiri nimtajie kifaa. Hakipo. Diski ya sahani ikianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka imekwisha. SSD na flashi hazina kinachozunguka, ila zinahifadhi kwa chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye vyumba vidogo mno, na chaji hiyo huvuja polepole vikikaa miaka bila kuwashwa. Kadi za kamera nazo ni hivyo hivyo. Akaunti ya mtandaoni inakwenda na nywila iliyosahaulika. Picha iliyo mahali pamoja tu, hata pawe pazuri namna gani, bado haijatunzwa. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliiweka kanuni hii katika tarakimu ambazo wapiga picha wengi huzishika hadi leo: 3-2-1. Nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako.

Hiyo moja ya nje ndiyo watu huiacha, na mimi niliiacha. Mwaka 2011 nilikuwa na nakala mbili za kila picha, moja kwenye laptopu, moja kwenye diski, na nilijihesabu kuwa mtu mwangalifu. Nikapata msiba Moshi. Nilitoka Arusha kwa basi, laptopu na diski nimezifunga begi moja. Nilipokuwa nashuka stendi begi halikuwepo. Ndani yake kulikuwa na picha pekee alizowahi kupigwa bibi yangu mzaa mama, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake Nkoaranga, miezi mitano kabla hajafariki. Nakala zilizokaa pamoja ziliondoka pamoja. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu hivi.

Nunua diski mbili za nje za terabaiti 1 au 2, za sahani, zinatosha na bei yake ni nafuu kuliko SSD. Usichukue mbili za kampuni moja kutoka boksi moja. Zilizotengenezwa pamoja zinaweza kuwa na kasoro moja na kuugua pamoja. Dukani, ukiona flashi au diski inayodai kubeba terabaiti 16 kwa bei ya mlo wa mchana, iache. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo iliyodanganywa namba. Itapokea picha zako zote kwa ukarimu, na zilizozidi uwezo wake hutazikuta. Hata diski ya duka la kuaminika naijaribu kwanza kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac: inaijaza diski nzima, kisha inasoma ilichoandika na kulinganisha. Ni kazi ya usiku mzima na haihitaji uangalizi. Ukiulizwa mfumo wa kuifomati, chagua exFAT, ili isomwe na kuandikwa kwenye Windows na Mac pia.

Ziandike A na B kwa kalamu isiyofutika. A inakaa kwako. B inakaa kwa mtu unayemwamini ambaye halali nyumba moja nawe, na kama anaishi Arusha, kilomita 80 hivi kutoka kwako, au Dar es Salaam, ni bora zaidi. Nyinyi watu wa Machame mna neema ambayo wapiga picha wengi hawana: kila Desemba ukoo wote unarudi nyumbani. Mpe ndugu B aondoke nayo Januari. Pasaka au Krismasi anarudi nayo, unampa A iliyo kamili, unabaki na B na kuijazia yaliyopungua siku hiyo hiyo. Mabadilishano mawili kwa mwaka yanatosha kwa mtu asiyefanya biashara ya picha. Kufunga diski kwa nywila kunawezekana, lakini kwako sishauri. Nimeona familia nyingi zikipoteza picha kwa nywila iliyosahauliwa kuliko kwa mtu aliyechungulia.

Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Kompyuta inaweza kukuonyesha majina yote 38,000 yamepangika vizuri na nusu yake ndani ikawa imeharibika, kwa sababu waya ulilegea au umeme ulikatika katikati ya kukopi. Tumia programu ya bure FreeFileSync, uichagulie ilinganishe yaliyomo ndani ya faili, si ukubwa na tarehe pekee. Kwa gigabaiti 420 itachukua saa kadhaa. Kisha kwa macho yako mwenyewe fungua picha thelathini kutoka miaka tofauti, uzikuze hadi uone kope za watu.

Mambo ya nyumbani nitayapita haraka. Kazi ya kukopi ifanye laptopu ikiwa na chaji ya kutosha, ili umeme ukikatika isizime. Umeme ukirudi hurudi kwa kishindo wakati mwingine, hivyo diski isikae imechomekwa siku nzima. Ihifadhi kabatini, mbali na dari ya bati, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Masika ya Moshi yanahitaji hivyo. Diski A wala B isifike steshonari. Ukitaka kuchapisha, weka picha hizo chache kwenye flashi ya kazi hiyo, na ikirudi ifomati kabla ya kuitumia tena, maana flashi zinazozunguka kwenye kompyuta za watu hurudi na virusi vinavyoficha folda zote.

Wengi wangekwambia uweke kila kitu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na kulala usingizi. Tupige hesabu. Gigabaiti 420, kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika hata dakika moja, ni karibu siku nane mchana na usiku. Kwa megabiti 2 ni siku kumi na tisa. Kwa bando la simu huo ni mzigo usiobebeka. Tena Google Photos iliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Bure unapata gigabaiti 15, na unazigawana na barua pepe zako na Drive. Nafasi kubwa zaidi inalipiwa kila mwezi au kila mwaka, na siku ukishindwa kulipa unarudi kwenye kikomo.

Ila wingu lina kazi yake kwako. Chagua picha 1,000 ambazo ukizikosa utaugua. Si nzuri tu: zile zisizoweza kupigwa tena. Wazee. Watoto walipokuwa wachanga. Kwa wastani wa picha zako hizo ni gigabaiti 11, yaani saa tano hivi kwa kasi ile ya megabiti 5, usiku mmoja tu ukinunua bando la usiku au ukiomba intaneti ya mtu. Kwenye mipangilio chagua ubora wa awali. Ile njia ya kuokoa nafasi hubana picha na kupunguza zile zinazozidi megapikseli 16. Hiyo ndiyo nakala yako ya tatu, kwa zile zinazostahili zaidi.

Naomba uelewe pia kwamba simu inayosawazishwa na wingu haijakupa nakala mbili. Mjukuu akifuta picha kwenye simu, inafutwa na kule, na pipa la taka huishikilia siku 60 tu. Tena tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo mwenyewe hajaigusa kwa miaka miwili. Andika anwani na nywila kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha, umwambie mwenzi wako au mwanao mkubwa ilipo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ni kubwa kuliko diski. Picha ya mzee aliyeketi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, isiyo na jina wala mwaka, itakuwa picha ya mzee fulani tu siku wewe na wenzako hampo. Majina yako kichwani mwako, na kichwa hakina nakala. Watu wa Kilimanjaro mnajua picha yenye tarehe inavyoweza kuzungumza. Watafiti waliopima barafu ya mlima waliweza kusema kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo lake ilikuwa imetoweka, kwa sababu kulikuwa na ramani ya zamani na picha za angani zilizojulikana zilifanyika lini. Wewe una zaidi ya miaka kumi ya Kibo alfajiri kutoka mji ule ule. Zikiwa na tarehe sahihi na mahali uliposimama, kuna mtu siku moja atazihitaji kwa kazi ambayo leo hatuifikirii.

Kwa hiyo anza na saa ya kamera. Nyingi zinazonunuliwa nje huja na saa ya huko, na mwenyewe haigusi; matokeo yake alfajiri ya Soweto inaandikwa usiku wa manane. Iweke sawa na simu yako leo. Kwa picha za zamani, kama ilikuwa nyuma kwa saa zile zile siku zote, programu ya digiKam, nayo ni ya bure, inaweza kuzisogeza maelfu kwa mpigo mmoja. Hiyo hiyo ndiyo itakayobadili majina kwa kufuata tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku: 2016-12-27_Machame_0412. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe, na ule mgongano wa namba unakwisha.

Majina ya watu yaandike ndani ya picha yenyewe, kwenye nafasi ya maelezo, si kwenye jina la folda peke yake, kwa sababu picha husafiri na folda hubaki. Na usiyaandike peke yako. Desemba, watu wakishamaliza kula na wazee wamekaa kwenye viti vya uani, toa laptopu nje. Waonyeshe picha moja moja. Huyu nani, mtoto wa nani, hapa ni kwa nani kabla nyumba haijabomolewa? Utashangaa watakavyosahihishana. Washa kinasa sauti cha simu ukiwa unaandika, kwa ruhusa yao, maana hadithi hutoka haraka kuliko mkono. Nilifanya hivyo kwetu Meru kwa picha 200 tu, tukakaa siku mbili, na wawili kati ya wazee wanne waliokuwepo hawapo tena. Hiyo kazi haingoji kustaafu.

Nije kwa ndugu wa WhatsApp. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye pikseli, yaani nukta ndogo zinazoiunda, 6,000 kwa 4,000. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu. Kwenye kioo cha simu hakuna anayeona tofauti. Lakini kwa kuchapisha nukta 300 kwa inchi, pikseli 1,600 zinatosha upande wa sentimita 13 na nusu. Ndugu yako anaipeleka ikuzwe ya kutundika sebuleni, inatoka na ukungu, analaumu kamera yako. Tuma kama dokumenti, si kama picha: bonyeza kile kiklipu cha kuambatanisha, chagua dokumenti, kisha faili. Inafika kama ilivyo, na kikomo ni gigabaiti 2 kwa faili. Kwa harusi nzima usijaze kundi. Tengeneza albamu ya mtandaoni, utume kiungo kimoja, na baada ya mwezi, kila mtu akishachukua zake, kifunge kiungo hicho. Aliyepewa kiungo anaweza kumpa mwingine, na huwezi kujua kimefika wapi.

Kuna la kuangalia. Picha inapofika kama ilivyo, inafika na taarifa zake zote za ndani, na simu nyingi huandika humo mahali hasa picha ilipopigwa. Kwa njia ya kawaida WhatsApp huziondoa. Kama dokumenti zinabaki. Picha ya mjukuu iliyopigwa nyumbani inabeba ramani ya nyumbani. Na kama siku moja utapiga faru Ngorongoro au Mkomazi, picha yenye alama za mahali usimpe mtu usiyemjua, wala usiibandike mtandaoni, kwa maana majangili nao wanajua kusoma. Zima kuandika mahali kwenye kamera ya simu kabla hujaingia hifadhini.

Kwa picha za wanafunzi wako nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtoto anayetambulika ni taarifa yake. Zitenge kwenye folda yao, zisiingie albamu ya kiungo, na usizisambaze kabla mzazi hajakubali.

Limebaki swali la kadi. Usiache kuzitunza, ila uzipe kazi. Ukirudi kutoka Rau, picha ziingie kwenye A jioni ile ile, na kadi usiifute. Kwa kuwa B iko mbali, kadi ndiyo nakala ya pili mpaka ndugu arudi. Ikijaa, ifunge ile kufuli, iandike tarehe ya mwanzo na ya mwisho kwa kalamu, ingiza nyingine. Sita zinakufikisha Desemba bila kununua ya saba. Krismasi ukishaijaza B, ukazilinganisha na kuzifungua kwa macho, rudisha kadi kwenye kamera uzifomati humo humo ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta, kwa sababu kamera huipanga kadi kama inavyotaka yenyewe. Ile iliyokaa muda mrefu zaidi ndiyo ianze kutumika Januari. Lakini haya ni ya mwakani. Kwa sasa zote sita zibaki zimefungwa kufuli mpaka ujue diski ile imerudisha nini.